Dima Haipunguzi Mwanga? Anza na Balbu Kabla ya Kufungua Ukuta

Unazungusha nobu ya dima, yaani swichi ya ukutani ya kupunguza mwanga, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na taa inabaki na mwanga uleule. Au inapungua kidogo, kisha inazimika ghafla nobu ikiwa bado katikati. Au inaanza kupepesa na kuvuma. Wengi wakifika hapo hununua dima nyingine, wakaifunga, na taa zikaendelea na tabia ileile. Hasara hiyo inaniuma kila ninapoiona, maana mara nyingi jibu lilikuwa limeandikwa kwenye shingo ya balbu.

Dima na balbu ni jozi. Kila kimoja kinaweza kuwa kizima kabisa na bado visipatane. Ndiyo maana tutaanza na vitu unavyoweza kuvikagua bila bisibisi, tupite kwenye jaribio moja linalotenganisha kosa la balbu na kosa la dima, na ndipo tuguse waya. Ukiufuata mpangilio huu, katika nyumba nyingi hutafika hata kwenye waya.

Kwanza elewa dima inafanya nini

Dima ya kisasa haibani umeme kama koki inavyobana maji. Inaukata vipande. Umeme wa nyumbani ni wimbi linalopanda na kushuka. Kwenye gridi ya hezi 50 linapita sifuri mara 100 kila sekunde, na kwenye gridi ya hezi 60 mara 120. Katika kila nusu ya wimbi, dima inaruhusu umeme upite kwa sehemu tu ya muda. Ukiishusha nobu, sehemu hiyo inafupishwa na taa inapata nguvu kidogo.

Kuna namna mbili za kukata. Dima za muundo wa zamani hukata mwanzo wa wimbi: husubiri kidogo, kisha hufungua ghafla. Kazi hiyo hufanywa na kifaa kidogo kiitwacho trayaki. Joel Spira alibuni dima ya aina hii ya kielektroniki huko Marekani mwaka 1959, wakati taa za nyumbani zilikuwa balbu za kizamani zenye uzi unaowaka ndani. Balbu ya uzi haina masharti: ukiipa nusu ya nguvu, uzi unapoa kidogo na mwanga unafifia. Namna ya pili hukata mwisho wa wimbi: umeme unaanza taratibu kutoka sifuri, kisha dima inaukata kabla nusu ya wimbi haijaisha. Dima hizi ndizo zinazopatana vizuri zaidi na LED nyingi.

Kwa nini LED inasumbua? Kwa sababu ndani yake kuna saketi ya kielektroniki inayopokea umeme wa gridi na kuugeuza kuwa mkondo mdogo uliotulia. Kazi ya saketi hiyo ni kuhakikisha mwanga haubadiliki hata umeme ukiyumba. Sasa unaiwekea dima inayoyumbisha umeme kwa makusudi. Kama saketi haikuundwa kutambua kwamba wimbi lililokatwa ni agizo la kupunguza mwanga, itapambana nalo: itawaka kwa mwanga kamili hadi nguvu iishe, kisha izime. Au itapepesa.

Jambo la pili ni mkondo wenyewe. Trayaki ikishafunguka huhitaji mkondo wa kiasi fulani uendelee kupita ili isijifunge. Balbu ya uzi ya wati 60 inautoa bila shida. LED ya wati 7 huenda isiutoe, na trayaki ikajifunga na kujifungua hovyo. Hapo ndipo taa inapoanza kucheza.

Hatua ya 1: Soma balbu

Zima taa, iache balbu ipoe, itoe, usome maandishi kwenye shingo yake au kwenye boksi. Unatafuta neno moja la Kiingereza, "dimmable". Likiwa na "non" au "not" mbele yake, au lisipokuwepo popote, ichukulie balbu hiyo kuwa haipunguzwi mwanga. Hakuna dima itakayoibadilisha tabia. Tena kuiacha kwenye dima kunaiharibu mapema, kwa sababu saketi yake inapigwa na umeme ambao haikutengenezewa.

Kagua balbu zote zilizo kwenye dima hiyo, maana balbu moja isiyofaa katika kundi la sita inaweza kuzichezesha nyingine tano. Nimeona watu wakibadilisha ile tu inayopepesa, kumbe mkorofi ni ile inayowaka kwa utulivu.

Aina nyingine za kuangalia:

Taa za kubana matumizi, zile zenye mirija iliyojikunja, nyingi hazipunguzwi mwanga. Zitoe. Hali kadhalika taa ndefu za mirija zenye choki ya kawaida.

Balbu janja zinazoendeshwa kwa simu hazitakiwi kabisa kwenye dima ya ukutani. Zina upunguzaji wao ndani, na zinataka umeme kamili muda wote. Chagua moja: dima ukutani na balbu ya kawaida inayokubali kupunguzwa, au balbu janja na swichi ya kawaida.

Zipo pia LED zinazobadili mwanga kwa hatua, mathalani kamili, nusu, robo, kila unapozima na kuwasha swichi ya kawaida. Wanunuzi huzichanganya na za dima kwa sababu boksi lake linatangaza viwango vitatu vya mwanga. Hizo ni kwa swichi ya kawaida tu.

Kama taa yako ni paneli au taa ya kuzamishwa darini isiyo na balbu ya kutoa, usisome taa. Soma kiboksi chake kidogo cha umeme, kiitwacho draiva, kilicho juu ya dari. Lebo yake ndiyo inayosema kama inakubali dima na ya aina gani. Kuna draiva ambazo hupunguzwa kwa waya mbili za ziada za ishara, si kwa kukata wimbi la gridi. Ukiifunga hiyo kwenye dima ya kawaida ya ukutani haitafanya kazi, hata kama lebo inasema inapunguza mwanga. Na taa za utepe za volti 12 au 24 hupunguzwa kwa dima yake maalumu upande wa volti ndogo, au kwa draiva iliyotengenezwa kupokea dima upande wa gridi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo

Dima ina kiwango cha chini na cha juu cha wati. Watu hukumbuka cha juu na kusahau cha chini, na cha chini ndicho kinachosumbua tangu LED zilipoingia majumbani.

Chukua mfano wa sebule iliyokuwa na balbu sita za uzi za wati 60. Jumla wati 360. Dima ukutani imeandikwa 60–400 W, kwa hiyo ilikuwa sawasawa. Kisha balbu zote zikabadilishwa kuwa LED za wati 7. Jumla sasa ni wati 42, chini ya kiwango cha 60. Dima haijaharibika na balbu hazijaharibika, ila mzigo umekuwa mwepesi kuliko dima inavyohitaji, nayo inashindwa kutulia.

Upande wa juu nao una mtego wake. Wati 400 zilizoandikwa kwenye dima ya zamani ni za balbu za uzi, si za LED. LED huvuta mkondo kwa mishtuko mifupi na mikali, hasa kwenye dima inayokata mwanzo wa wimbi. Watengenezaji wa dima mpya huandika viwango viwili, kimoja cha uzi na kingine cha LED, na cha LED huwa kidogo zaidi sana. Pale kiwango cha LED kisipoandikwa, mafundi wengi hutumia kanuni ya sehemu moja ya kumi: dima ya wati 400 wanaipa LED zisizozidi wati 40. Kanuni hiyo ni ya tahadhari tu. Lebo ya mtengenezaji ikisema vingine, ifuate lebo.

Dima zikifungwa mbili au tatu pamoja kwenye fremu moja, kila moja hubeba pungufu ya kiwango chake kwa sababu zinapashana joto. Maelekezo ya dima hutaja ni kwa kiasi gani.

Hatua ya 3: Jaribio la balbu ya uzi

Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote. Tafuta balbu moja ya uzi, au halojeni ya volti za gridi, ya wati 40 au 60. Hakikisha holda na kivuli cha taa vinaruhusu wati hizo, maana balbu hii hutoa joto kali na taa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya LED hazilivumilii. Ukiwa na shaka, tumia ya wati ndogo na usiiache muda mrefu.

Zima umeme, toa balbu moja ya LED, weka ya uzi mahali pake, ziache nyingine zilivyo. Washa, kisha zungusha nobu taratibu kutoka juu hadi chini.

Kama taa zote, pamoja na LED zilizobaki, zimetulia ghafla na zinapungua vizuri, umepata jibu: mzigo ulikuwa mdogo. Balbu ya uzi imeongeza wati zilizokuwa zikikosekana. Dawa si kuiacha hapo milele. Dawa ni dima yenye kiwango cha chini kidogo, kama zile zinazoanzia wati 3 au 5.

Kama balbu ya uzi inapungua vizuri lakini LED bado zinakaa na mwanga kamili au zinapepesa, dima ni nzima. Tatizo ni balbu kutokukubali dima, au aina ya dima kutokupatana na balbu. Rudi kwenye hatua ya 1. Ukiridhika na balbu, nenda hatua ya 5.

Kama balbu ya uzi nayo inawaka kwa mwanga kamili tu, kosa liko ukutani. Hapa kuna kipimo kizuri ambacho hakihitaji kifaa. Jaribu kuizima kwa dima yenyewe. Kwenye dima ya nobu yenye swichi ya kubofya au kukatika kwa mlio, taa ikikubali kuzima lakini haikubali kupungua, karibu hakika trayaki imekufa ikiwa imejifungua moja kwa moja. Ni kifo cha kawaida cha dima, na mara nyingi hutokea dakika ileile balbu ya uzi inapoungua, kwa sababu uzi ukikatika unaweza kupitisha mkondo mkubwa mno kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini kama taa haizimiki kabisa, mshuku fundi aliyefunga: huenda waya unaoingia na unaotoka umeunganishwa kwenye teminali moja (tundu la kufungia waya), na umeme unaizunguka dima bila kupita ndani yake. Kwenye dima za kugusa zisizo na swichi ya kukata, trayaki iliyokufa nayo huifanya taa isizimike, hivyo hapo utahitaji kufungua ili ujue.

Kama balbu ya uzi haiwaki kabisa wakati kwenye holda nyingine inawaka, dima imekata au waya umelegea. Baadhi ya dima zina fyuzi ndogo ndani. Maelekezo yake yatasema.

Na kama balbu ya uzi inacheza unapogusa au kuzungusha nobu, lakini inatulia ukiiacha, mguso wa ndani wa nobu umechakaa. Dima hiyo ni ya kubadilishwa.

Hatua ya 4: Rekebisha kiwango cha chini

Ukishajua dima ni nzima na LED zinakubali kupunguzwa, kuna marekebisho yanayosahaulika. Dima nyingi za LED zina skrubu ndogo, gurudumu, au kitufe kilichofichwa chini ya kifuniko cha mbele, cha kupanga mwanga wa chini kabisa. Ikipangwa chini mno, taa huzima nobu ikiwa bado katikati, au hukataa kuwaka ukianzia chini. Ikipangwa juu mno, taa haifiki kwenye mwanga hafifu unaoutaka.

Shusha nobu hadi mwisho. Zungusha marekebisho polepole mpaka taa iwe hafifu lakini imetulia, bila kupepesa. Zima, subiri kidogo, washa tena nobu ikiwa chini. Ikiwaka mara moja, umemaliza. Ikichelewa au ikigoma, panda kidogo. Lakini angalia: kwenye dima nyingine skrubu hiyo iko ndani, karibu na teminali zenye umeme. Hiyo usiiguse bila kuzima breka kwenye kisanduku cha umeme, na uitumie tu kama maelekezo yanasema inaruhusiwa.

Hapa pia kuna jambo linalowakatisha watu tamaa bure. Jicho halipimi mwanga kama kifaa. Mwanga ulioshushwa hadi asilimia 25 kwa kipimo cha kifaa huonekana machoni kama nusu. Ulioshushwa hadi asilimia 10 huonekana kama theluthi. Kwa hiyo balbu iliyoandikwa inapungua hadi asilimia 10 haitakupa giza la chumba cha kutazama filamu, na hilo si hitilafu. Ukitaka mwanga hafifu kweli, nunua balbu ambayo boksi lake linasema inashuka hadi asilimia 1, na dima inayoweza kuifikisha huko. LED kutokuwa ya manjano zaidi inaposhushwa nako si ubovu. Balbu ya uzi hugeuka rangi kwa sababu uzi unapoa. LED ya kawaida hubaki na rangi yake, isipokuwa zile zilizotengenezwa maalumu kuiga tabia hiyo.

Hatua ya 5: Linganisha aina ya dima na aina ya taa

Kwenye uso wa dima, mara nyingi nyuma au chini ya kifuniko, utaona herufi R, L na C. R ni mizigo ya balbu za uzi. L ni mizigo yenye koili, kama transfoma nzito za chuma. C ni mizigo ya kielektroniki yenye kapasita. Dima yenye R,L ni ya kukata mwanzo wa wimbi. Yenye R,C ni ya kukata mwisho. Yenye zote tatu hujirekebisha au ina kitufe cha kuchagua.

LED nyingi zinazochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa gridi hutulia zaidi kwenye dima ya kukata mwisho wa wimbi. Kuvuma hupungua, na zinashuka chini zaidi. Hata hivyo zipo LED zilizotengenezwa kwa dima za zamani, na kwenye masoko yanayotumia volti 120 hizo ndizo za kawaida. Usikisie. Watengenezaji wakubwa hutoa orodha za dima zilizojaribiwa na kila balbu, na orodha ya namna hiyo ina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote dukani.

Taa za volti 12 zinazopitia transfoma zina kanuni yao. Transfoma ya chuma, ile nzito mkononi, inataka dima ya kukata mwanzo wa wimbi iliyoandikwa L. Ya kielektroniki, nyepesi, kwa kawaida inataka ya kukata mwisho. Ukiipa transfoma ya chuma dima ya R,C unahatarisha vyote viwili. Na kama transfoma ya kielektroniki iliwekwa kwa ajili ya halojeni, nayo ina kiwango chake cha chini cha wati: ukitoa halojeni ya wati 50 ukaweka LED ya wati 5, transfoma yenyewe inaanza kucheza hata dima ikiondolewa. Badilisha transfoma kwa draiva ya LED inayokubali dima.

Neno moja kuhusu feni: dima ya taa haifungwi kwenye feni wala kwenye soketi. Feni ina regulata yake. Ukikuta chumba ambacho feni na taa zinatumia dima moja, zitenganishe kabla ya kutafuta tatizo jingine lolote.

Hatua ya 6: Fungua, kwa tahadhari

Hadi hapa hukuhitaji kugusa waya. Kuanzia hapa unahitaji kuwa na uhakika na unachofanya, na katika baadhi ya nchi sheria inamtaka fundi umeme mwenye leseni. Kama hujawahi kufanya kazi ya waya za ukutani, mwite fundi, umweleze matokeo ya hatua ya 3. Utakuwa umempunguzia kazi nusu.

Zima saketi breka ya taa hizo kwenye kisanduku cha umeme. Kuzima dima peke yake hakutoshi, kwa sababu dima nyingi za kielektroniki hupitisha umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa, na waya unaoingia unabaki na umeme vilevile. Weka karatasi kwenye breka mtu mwingine asiiwashe. Kisha pima: jaribu kwanza kipimo chako mahali penye umeme kwa hakika, pima waya za dima, rudi tena mahali pale pa kwanza kuhakikisha kipimo hakijafa katikati ya kazi. Bisibisi ya testa yenye kitaa peke yake siiamini kwa kazi hii.

Toa skrubu, vuta dima nje, piga picha kabla ya kulegeza chochote. Angalia haya:

Waya uliolegea kwenye teminali. Uvute kwa upole, usitoke. Plastiki iliyobabuka au kuwa kahawia karibu na skrubu ni ushahidi wa joto, na dima hiyo haifai kurudishwa.

Teminali. Kwenye dima ya njia moja, waya wa moto, yaani unaoleta umeme, unaingia kwenye L (hapa L ni jina la teminali, si mzigo wa koili), na unaotoka kwenda kwenye taa uko kwenye teminali yenye mshale au alama ya wimbi. Waya zote mbili zikiwa pamoja, umepata mkosaji. Kwenye dima isiyo na teminali ya nyutro (waya wa kurudisha umeme), usilete nyutro hapo kwa hali yoyote: utakuwa umeunganisha moto na nyutro kupitia dima.

Njia mbili. Kama taa inawashwa kutoka sehemu mbili, dima iwe moja tu na upande mwingine uwe swichi ya kawaida ya njia mbili. Dima mbili za kawaida zikifuatana, ya pili inapokea wimbi ambalo tayari limekatwa, na mwanga unaamuliwa na ile iliyoshushwa zaidi, kama hautacheza kabisa. Ukitaka kupunguza kutoka sehemu zote mbili, nunua seti ya dima kuu na mwenzake, za mtengenezaji mmoja.

Nyutro. Dima za kugusa na za kuendeshwa kwa simu zinahitaji umeme wao wenyewe. Zile zisizo na nyutro huuvuta kupitia kwenye taa, na mkondo huo mdogo unatosha kuifanya LED ing'ae kidogo au kumweka usiku ikiwa imezimwa. Mtengenezaji wa dima mara nyingi huuza kifaa kidogo cha kufungwa sambamba na taa ili kumeza mkondo huo. Nyutro ikiwepo kwenye boksi la ukutani, dima yenye teminali ya nyutro ni bora zaidi.

Kuhusu maltimita, kifaa cha kupimia volti na ukinzani: usipime volti za kutoka kwenye dima bila balbu. Bila mzigo, dima huonyesha karibu volti zote hata ikiwa chini, na utaihukumu bure. Ukiwa na balbu ya uzi kwenye holda, kipimo kina maana, ingawa maltimita isiyopima thamani halisi ya wimbi lililokatwa itakupa namba za uongo. Kwa dima rahisi ya waya mbili kuna njia salama zaidi: itoe kabisa ukutani, washa swichi yake, pima ukinzani kati ya kuingia na kutoka. Ukipata karibu ohmu sifuri, trayaki imekufa. Dima nzima huonyesha ukinzani mkubwa sana.

Hatua ya 7: Kupepesa kusikotokana na dima

Kabla ya kubadilisha dima, tazama taa zisizo na dima. Zikipepesa pamoja na hii, tatizo si lako la chumba kimoja. Kupepesa kidogo pale mota kubwa inapoanza ni kuyumba kwa volti. Kupepesa kwa saa zilezile kila siku, kwenye dima tu, kunaweza kutokana na ishara ambazo baadhi ya mashirika ya umeme hupitisha kwenye gridi kuendesha mita na vifaa. Dima yenye kichujio bora husaidia.

Lakini ukiona baadhi ya taa zinazidi kung'aa huku nyingine zinafifia kila kifaa kizito kinapowashwa, acha kila kitu. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea. Inaunguza vifaa na inaweza kuwasha moto. Zima umeme na umwite fundi au shirika la umeme siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Funga dima mpya na uipime

Breka ikiwa imezimwa na umepima tena, hamisha waya mmoja mmoja kutoka dima ya zamani kwenda mpya ukifuata alama za teminali, si nafasi zake, kwa sababu mpangilio hutofautiana kati ya watengenezaji. Nyuzi zote za waya ziingie kwenye tundu, hakuna hata moja inayochungulia nje. Kaza, vuta kila waya kujaribu. Funga waya wa ardhi kama dima au fremu yake ya chuma inautaka. Sukuma waya nyuma bila kuzibana dhidi ya mwili wa dima, kwani inahitaji nafasi ya kupoa.

Washa breka, panga kiwango cha chini kama katika hatua ya 4, kisha acha taa ziwake kwa saa moja, nusu ya muda mwanga ukiwa juu, nusu ukiwa katikati. Katikati ndipo kuvuma husikika zaidi. Gusa uso wa dima: uvuguvugu ni wa kawaida, lakini ukishindwa kuacha mkono hapo, mzigo umezidi au aina si sahihi, na uzime mara moja.

Mwisho, andika kwenye kipande cha utepe aina na wati za balbu zinazopatana na dima hii, ukibandike nyuma ya kifuniko chake. Atakayebadilisha balbu baada ya miaka kadhaa hatakuwa na boksi la leo.